Ubani wa Kutafuna

Ngazi za kreni nambari kumi na moja
ni mia na arobaini na mbili.
Nimezihesabu nikishuka, meno yameumana,
tumbo limeshanitangulia.

Juu kule hakuna choo.
Kuna usukani, kuna redio, kuna mimi,
na Kilindini chini makontena yamepangwa
kama biskuti katika bati.
Siku moja nililiacha la mchele likining'inia hewani.
Msimamizi akapiga kelele redioni: We Shee, umelala?
Nikamjibu, ndiyo, nimelala.
Uvivu una heshima yake.

Damu niliiona mwezi wa Shaabani.
Nikasingizia achari ya harusi ya Mwanatumu.
Mwezi wa pili
sikuwa na harusi ya kusingizia.

Mama mkwe hakuuliza mengi.
Chango hilo, akasema Bi Mwanamvua, akateleka sufuria.
Mwarobaini, maji yake rangi ya mtaro.
Manjano katika maziwa ya mbuzi.
Na shubiri, nyeusi kama lami,
kijiko kabla ya jua.
Kichungu ndicho kiponyacho.
Nikanywa kama alipaye deni.
Usiku ule nikaamka mara kumi na nne.
Uchafu huo unatoka, akasema, amefurahi.
Nami nilikuwa natoka nao.

Nikaenda Marikiti kwa Badi muuza viungo
kutafuta kitu kikali zaidi.
Kuna damu? akauliza.
Hakuna.
Akautazama mshipi wangu,
matundu matatu mapya, ya msumari.
Akaifunga mikebe, mmoja mmoja.
Dawa ninazo, ndugu yangu,
ila damu haipimwi kwa mizani hii.
Nenda Makadara kwanza.
Ukirudi na karatasi tutazungumza.

Daktari Nyevu akapitisha kamera
kwa njia nisiyotaka kuitaja.
Kwenye kioo nikajiona ndani:
ukuta mwekundu, umebanduka hapa na pale
kama nyumba ya mawe ya Kibokoni
iliyosahauliwa chokaa.
Vidonda vya utumbo mpana, akasema.
Si hasidi. Si achari.
Akaandika vidonge, kisha akaweka kalamu:
Na nyumbani unakunywa nini?

Nikanyamaza.
Sikuulizi ili nikucheke.
Nikautoa mfuko chini ya kiti.
Akafungua chupa, akanusa, akaandika.
Shubiri akaipiga mstari, mara mbili.
Mwarobaini, akakunja uso, aache kwanza.
Manjano, alama ya kuuliza:
wapo walioyapima, pamoja na vidonge,
si badala yake.
Chini kabisa mfukoni, chembe za ubani.
Akazigeuza kiganjani.
Na huu pia wanausoma, akasema. Hatujajua vya kutosha.

Hatujajua.
Sijapata kusikia daktari akilitamka.
Niliondoka na neno hilo
nikilishika kuliko karatasi ya dawa.

Bi Mwanamvua aliisoma karatasi kwa miwani ya marehemu mumewe.
Mstari juu ya shubiri aliutazama kitambo.
Huyo daktari ni wa wapi?
Kaloleni.
Basi mpelekee mwarobaini wangu naye aupime,
asiukunjie uso bure.
Kisha akavihesabu vidonge,
akavitia ndani ya kopo la manjano
kwa kuwa ndilo kopo asilolisahau.

Ubani kwetu ni wa bibi harusi na wa maiti,
na ni ile noti unayomfumbatisha mfiwa mkononi.
Sikujua kuwa ni wa kutafuna, asubuhi,
nikiwa hai, nikipanda kreni.
Ni mchungu kidogo, halafu hunata kwenye magego.

Vidonge nimemeza saa moja.
Mshipi umerudi tundu moja.
Ni kipi kilichofanya kazi sijui;
huenda ni vidonge, huenda ni mwezi tu umenikubali,
na daktari amenikataza kuapa.

Kontena la kwanza limetua bila kishindo.
La pili. La tisa.
Redio yauliza: Shee, umelala?

Saa sita hii,
na bado sijashuka.