Usizime

Mvua ya Aprili hapa Tukuyu haina aibu,
inaingia dukani bila hodi, inalowesha rimu ya karatasi.
Kompyuta nimeifunika kwa kanga kuukuu
kama mtu afunikavyo unga.
Ilikuja nyeupe; sasa rangi yake ni ya chai ya maziwa.
Herufi N imefutika. Kidole hakihitaji kuiona.

Kwa mashine hii nimechapa
ratiba za misiba mia tatu na ushei,
barua za uhamisho za walimu waliochoshwa na baridi,
mkataba wa shamba la parachichi kule Kiwira,
na posa moja, ya Lwitiko,
aliyenisomea maneno huku akiangalia dari.
Posa ilikubaliwa.
Hakuna aliyeuliza imechapwa kwa toleo la ngapi.

Ipyana, mtoto wa dada, hushuka kutoka Mwanjelwa kila sikukuu
na neno jipya mdomoni.
Krismasi ile prosesa, Pasaka hii kadi ya picha.
"Mama mdogo, hii ipeleke makumbusho."

Mwaka juzi nilimsikiliza. Nakiri.
Nikauza mtamba, yule mwenye doa jeupe kwenye paji,
nikaenda Mbeya na noti ndani ya sidiria,
nikarudi na boksi linalonukia plastiki.
Usiku uleule ikaomba bando.
Ikala bando la mwezi kwa mlo mmoja, ikaandika:
*Tunasasisha. Usizime.*
Asilimia thelathini na saba.
Umeme wa kwetu haujui kusoma.
Ukazima.

Ilipoamka siku ya tatu, ikaikana printa yangu
kama mkwe aliyefika na viatu vya matope.
Ratiba ya msiba kwa kina Sekela ikavurugika yote:
jina la marehemu likarukia ukurasa wa pili,
likakaa kati ya chai na chakula cha mchana.
Niliomba radhi kwa familia. Sikudai hela.

Jirani aliyenunua mtamba ameshapata ndama wawili.
Mimi mashine yangu imezaa nyaya.

Basi ningeishia hapo, ningecheka, ningeshinda kesi.
Lakini kuna Tusajigwe.
Alikuja jioni, maji yakimchuruzika hadi kwenye ndala,
vyeti amevikunja ndani ya mfuko wa sukari.
Fomu ya mkopo wa chuo; mwisho usiku huohuo.
Nikawasha mkongwe wangu. Ukurasa mweupe,
na mstari mmoja: kivinjari hiki hakitumiki tena.
Yule binti hakusema kitu.
Aliniangalia tu, kama mtu aliyekuta daraja limechukuliwa na maji.

Nikaifunua ile ya mtamba.
Dakika kumi na moja. Namba ya risiti.
Nilimtoza elfu mbili, nikamrudishia mia tano ya nauli.

Mtamba mzima kwa dakika kumi na moja?
Nimejaribu kupiga hesabu hiyo nyuma ya daftari la madeni,
ukurasa umejaa mikwaju na bado jibu linanikimbia.

Fundi Anyosisye aliifungua ile ya zamani kwa bisibisi na mate,
akatoa vumbi la kujaza kiganja na mende mkavu,
akapachika memori iliyotumika. Elfu arobaini.
Sasa inawaka kabla chai haijachemka,
na nusu ya maringo ya Ipyana yameishia hapo.
Nusu.

Jana ametuma ujumbe: hata ile mpya, mama mdogo,
wenyewe wataacha kuihudumia kufika Oktoba.
Nimesoma. Sijajibu.
Zizini amebaki ng'ombe mmoja, mama yake yule mtamba,
na leo asubuhi nilipomkamua
sikuweza kumtazama usoni.

Mlango unagongwa. Wanaume wawili, makoti yamelowa,
kofia mikononi. Wameleta karatasi ya majina.
Natoa kanga. Nawasha ile kuukuu.
Marehemu anaitwa Ndimbumi.
Kidole kinashuka chenyewe, pale pasipoandikwa kitu.