Ufunguo wa Anaeli

Mwezi wa saba, Moshono, baridi haibishi hodi,
inashuka Meru usiku na kuingia hadi ndani ya mito.
Ndivyo alivyoingia na yule mwizi.
Hakuvunja kitasa, hakugusa mlango.
Alipitisha upondo dirishani, akavua suruali ya mume wangu
kitini, taratibu, kama mtu anayeanua nguo zake,
na simu mfukoni, na ada ya shule.
Mbwa wetu alibweka asubuhi,
alipomwona muuza maziwa.

Nikasema basi. Nataka nondo.
Nataka nondo kila mahali panapopita mwanga.
Nikavunja kibubu, nikakopa kikoba,
nikamwita fundi Loishiye.

Alikuja na futi kamba, penseli sikioni.
Akapima sebule, akapima jikoni, akapima chumba cha watoto,
akaandika kiganjani, daftari lilikuwa limelowa grisi.
Halafu akaniuliza, bila kunitazama:
"Wa nje tumeshamfungia. Na nyinyi mtatokea wapi?"

Mlangoni, nikasema, kwani wapi tena?

"Na mlango ukiwa ndio unaowaka?"

Nilidhani anatafuta bei.
Bawaba ni hela, kufuli ni hela, nikaanza kupatana.
Akaniacha nimalize. Akasema mwaka juzi aliitwa usiku,
na msumeno wa mkono, kwa maana umeme ulishakatwa,
kwenda kukata nondo alizozitengeneza yeye,
maua aliyoyakunja yeye kwa nyundo, wiki mbili.
"Nilichomelea vizuri mno, mama.
Kila kiungo nilikisifu nikikiunga.
Kila kiungo nilikilaani nikikikata."
Hakusema kama aliwahi.
Sikuuliza. Nilikwenda kumtilia chai.

Kwa hiyo dirisha la watoto lina bawaba,
linafunguka kwa nje kama mlango wa banda la kuku,
kufuli kwa ndani, na ufunguo kwenye msumari.
Huo msumari tuliubishania kuliko bei:
uwe mbali na upondo, uwe karibu na mkono wa mtoto.
Ndeenengo ana miaka kumi, anafika popote.
Anaeli ana sita.
Tukamsimamisha ukutani kama siku ya kliniki,
anyooshe mkono, asidanganye kwa vidole vya miguu,
na hapo hapo Loishiye akagonga.

Jiko la mkaa sasa linalala nje.
Mama mkwe alinuna, miguu ndani ya khanga mbili:
zamani tulilala nalo, na tuliamka.
Nikamwambia, walioamka ndio wanaosimulia.
Hakunisemesha hadi Jumapili.

Jumamosi, baada ya ugali, tunazima taa.
Baba yao anapiga sufuria, na wao chini,
kwa tumbo, pua sakafuni, moshi unapenda dari.
Mara ya kwanza Anaeli alicheka hadi akajikojolea.
Mara ya pili alifika nje, akarudi kufuata kiatu.
Nilimfokea sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.
Kiatu kitanunuliwa! Kiatu kinauzwa Kilombero kila siku!
Alilia. Nikamwacha alie.
Mara ya tano nilisikia chuma kikilia, kisha majani,
kisha watoto wawili chini ya mgomba wenye umande,
wanatetemeka, wanahesabiana:
mmoja. Wawili.

Jana umeme ulikatika wenyewe, saa nane za usiku.
Kitu kikakwaruza ukutani, chumbani kwao.
Nikaruka na mchi mkononi, nikijua ni upondo.

Alikuwa Anaeli, amesimama gizani,
anapapasa msumari.
"Upo," akasema,
si kwangu, si kwa mtu,
akajifunika blanketi akalala.

Mimi nilibaki pale na mchi wangu,
nasikiliza nyumba.