Ubao wa Tano

Faranga elfu kumi na nane. Nimezihesabu mara mbili
mkekani, Masika akiwa bado shuleni,
kwa kuwa mtoto akiona noti hukumbuka viatu.

Jumamosi wanakuja watu wa Butembo
kuhusu Kavugho, mdogo wangu.
Viti nitaazima. Chai ipo.
Makalio yao yatapata pa kukaa; macho je?

Nyumba yetu ni ya mbao, imekalia jiwe jeusi
lililoshuka mlimani likiwa uji.
Msingi hatukuchimba, tuliukuta umekwisha kumwagwa,
bure, na hakuna aliyeuomba.
Mbao nazo zimekutana ukutani kama abiria wa lori:
huu ulikuwa kitanda, huu meza ya muuza samaki,
na huu wa tano kutoka mlangoni
ulikuwa kibanda cha kinyozi kilichobomolewa Majengo.
Kakule aliupigilia usiku, mvua ikimpiga yeye,
na kulipokucha tukaona maandishi yamesimama kwa kichwa:
KINYOZI K,
na K wa pili hatukumjua ni nani.

Sokoni Virunga: chokaa, kilo tano.
Unatia chumvi ngumi moja isije ikahamia kwenye koti la mgeni.
Unga wa muhogo, kikombe, wa kupika gundi.
Karatasi za mifuko ya saruji niliokota kwa wanaojenga ghorofa,
nikakung'uta, nikakohoa siku mbili,
nikaziba nazo nyufa ambamo upepo wa ziwa
ulikuwa unaingia bila hodi.
Zilipokwisha nikabandika madaftari ya Masika ya mwaka jana,
hesabu zikiangalia ukutani, makosa yake na kalamu nyekundu.

Desideri, mwandika maduka wa Birere,
ameniuzia nusu kopo la manjano
iliyobaki kwenye duka la simu
lililofunga kabla rangi haijakauka.
"Ni rangi yenye mkosi," akaniambia, akapunguza bei.
Mkosi wa mwenye duka si wangu.

Fundi wa nguo alikuwa anataka kufagia vipande vya kitenge.
Nikamwambia acha, fagio ninalo mimi.
Pazia moja, ndege mia, hakuna aliye na mabawa mawili.

Na makopo ya maziwa, manne, mlangoni.
Si maua. Lengalenga.
Pambo likikomaa tunalichuma.

Kakule amerudi, ameegemeza chukudu, ametazama.
"Unapamba nini, na mlima ule unatuangalia?"
Basi na uangalie kitu kizuri, nikasema,
nikampa brashi ya pili.
Alipaka. Alinung'unika, lakini alipaka,
ubao wa kwanza, wa pili,
wa tatu, wa nne,
na hapo mikono yetu ikasimama.

Kwenye huo wa tano ndipo Masika alipojulia kusoma,
amelala juu ya mkeka, miguu ukutani.
Hadi leo mwalimu akiandika K
shingo yake huinama kidogo, halafu hukumbuka.

"Pakeni!" Kavugho analia. "Watanicheka! Nyumba ya posa
imeandikwa kinyozi, tena miguu juu!"
Ana haki. Manjano bado imo koponi, ya ubao mmoja kamili.
Nikachovya.
Nikazungushia maandishi ukingo mwembamba, kidole kwa kidole,
kama anayepaka mtoto mafuta kando ya kidonda.
Iliyobaki nikapaka mguu wa kiti.

Jumamosi wamekuja saba, tulitarajia watano.
Wameketi. Wameshukuru chai.
Baba wa kijana ni mtu wa maneno machache, na kofia hakuivua.
Hakusifu pazia. Hakuuliza kuhusu manjano.
Mashangazi wakaanza habari ya mbuzi,
wangapi, na wa rangi gani,
na mimi, nikiwa na birika mkononi, nikamwona
kikombe kimesimama karibu na mdomo,
shingo inainama,
polepole,
inainama tena.