Ukuta Wetu na Aikunda

Mimi ni fundi. Haya nimeyasikia kwa ukuta,
si kwa mtu.

Alipopanga chumba cha pili, hapa Pasua,
alikuja na gitaa la nyuzi tano, wa sita ukidaiwa,
spika inayotapika pamba,
na trei za mayai alizookota kwa wakaanga chipsi,
nyingine bado zina ute.
Akazibandika kwa uji wa ngano.
Panya walifurahi. Sauti ilipita vilevile.

Nikaujua wimbo kabla haujawa wimbo:
mstari mmoja usiku kucha,
kama mtu anayetafuta tundu la sindano gizani,
analamba uzi, anakosa, analamba tena.
Saa nane nikajikuta nasema,
"Si hapo, mama. Rudi nyuma."
Naye akarudi nyuma.

Baba yake alishuka kutoka Kirua na mkungu wa ndizi.
Mpiga tarumbeta wa usharika, viatu vimepakwa rangi.
Alisimama mlangoni kwangu, si kwake,
akasikiliza gitaa likikwaruza.
"Hili litamlisha nani?"
Akaacha mkungu juu ya meza yangu ya kukatia
akaondoka. Ndizi zilitia doa kitambaa cha mteja.

Kisha siku umeme uliporudi saa tisa alasiri
akaingia na maiki, waya ukiburuta vumbi.
"Fundi Ludoviko, shona."
"Nishone nini?"
"Chochote. Shona tu."
Nikashona pindo la shuka, mita nne,
mguu ukitetemeka kama wa mtu anayepigwa picha ya pasi.
Katikati uzi ukakatika. Nikasema, "Aah!"
Nikaomba turudie. Akakataa.

Mvua za vuli zilipoanza, Kiboriloni nzima ilikuwa inauimba,
wauza mitumba wakirusha mashati kwa mapigo yake.
Wao walisikia gitaa.
Mimi nilisikia pindo.
Dakika ya pili, pale ngoma zinaponyamaza,
kuna mzee anasema "Aah!",
na watoto wa shule wakipita dukani
walisema hivyo hivyo, bila kunitazama,
wakidhani ni mtu wa Dar es Salaam.

Huko Dar es Salaam ndiko alikokwenda.
Chumba kikachukuliwa na muuza vifaranga;
trei zikapata wenyewe.
Miaka mitatu nilishona kwa mlio wa pii, pii.
Nilimwona kwenye bango moja tu, karibu na stendi,
koti la ngozi kwenye joto lile,
mishono ya mabegani imevutwa.
Aliyelishona hakumpima.

Na mkataba, alikuja kuniambia, ulikuwa hivyo hivyo:
umekatwa kwa mwili wa mwingine.
Kuingia unaingia. Kukaa hukai.
Nyimbo kumi na tisa zikabaki kwa tajiri,
jina lake la jukwaani pia.
Hakulia aliponieleza. Aliomba chaki
akaanza kupima ukuta.

Sauti yake ya juu imerudi fupi,
kama kanzu iliyofuliwa kwa maji ya moto.
Haimbi tena, au anaimba akiosha vikombe.
Sasa wanakuja vijana wa Rau, wa Njoro,
mmoja na gitaa la kuazima, mmoja na mashairi kwenye daftari la fizikia,
na usiku wa manane namsikia akiwaambia,
"Si hapo. Rudi nyuma."
Sijamuuliza kama siku ile alinisikia.

Mwezi jana alileta bahasha.
Shilingi elfu kumi na moja na mia nne.
Akanisainisha. Penye kazi ameandika:
mpiga cherehani.
Nimelipa nayo deni la vifungo.

Usiku huu wamekwama tena, mstari uleule.
Nina sare arobaini za kidato cha kwanza,
Jumatatu ndiyo mwisho.
Nakanyaga polepole,
nisije nikaingia kwenye wimbo wa watu.