Njia ya Punda

Saa kumi na moja alfajiri, Juni, Umalila.
Umande umeganda majanini, unalia chini ya kwato
kama mtu anayetafuna bisi gizani.
Risiti anatangulia, mimi nafuata mvuke wake.
Nilimpa jina hilo kwa sababu nilimnunua
kwa pesa ya pareto ya misimu mitatu
na aliyeniuzia alikataa kuniandikia hata mstari.

Viazi magunia mawili, lumbesa,
moja kila ubavu, kamba ya katani juu ya mgongo,
na njia iko palepale ilipolala jana:
inashuka nyuma ya shule,
inaruka kijito,
inapanda kwa Halinga, inachuna pembe ya mianzi,
kisha barabara, kisha Fuso, kisha dalali
na ule mzani wake msahaulifu.

Upana wake ni punda mmoja na mzigo wake.
Mkikutana, mwenye mzigo hupishwa,
mtupu hujibana kwenye matete na kuamkia.
Hiyo ndiyo sheria. Haikuwahi kupigwa muhuri.

Mwezi wa tatu Halinga akapanda milingoti.
Nguzo ishirini, seng'enge mistari minne,
na kibao cha rangi nyekundu:
SHAMBA LA MTU. USIPITE.
Risiti akafika, akaegemeza pua kwenye waya,
akasubiri, kama anayebisha hodi.
Nikamsukuma. Nikatukana ukoo wake wote.
Hakusogea.
Nami nikasimama nikisoma: la mtu.
Haya. Na sisi tuliokuwa tukipita?

Mtendaji akaja na kijana wa vipimo,
kishikwambi mkononi, kofia mpya.
Kijana akagusa kioo, akakikuza, akakikuza tena.
"Hapa hakuna njia," akasema,
amesimama juu yake.

Nilikuwa na maneno, yakajaa mdomoni kama uji wa moto:
kwamba mama alipita hapa na kikapu cha pareto
maua yakimpukutikia mgongoni,
kwamba jeneza la Mwasenga liliinama kwenye kona ile
na wabebaji wakahesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, utelezi,
kwamba mimi nilianguka pale, penye jiwe,
nina mimba ya Sikudhani, miezi saba,
na tope likanipokea taratibu kuliko watu wengi.
Sikuyasema.
Nilisema tu, "Mwanangu, tazama viatu vyako."
Akatazama. Tope jeusi hadi kwenye vifundo.
Akang'oa majani, akavipangusa,
akaandika kitu.

Tukazunguka kwa makaburini, nusu saa zaidi,
Risiti akachubuka bega, nikampaka mafuta ya taa na majivu.
Kufikia mwezi wa tano
nyasi za upande ule nazo zilishaanza kukata tamaa.

Halafu Jumanne moja, Risiti akakataa kukunja kona.
Akaenda moja kwa moja kwa Halinga, nami nyuma yake nikipiga kelele.
Seng'enge haikuwepo.
Haikukatwa, la. Ilifunguliwa, ikaviringwa vizuri,
ikatundikwa kwenye nguzo
kama koti la mtu aliyeingia ndani kuota moto.

Chini, kwenye tope, alama ya buti la mpira,
kisigino cha kushoto kina kiraka cha mpira wa baiskeli.
Kiraka hicho nakijua. Alikibandika mume wangu
kwa malipo ya debe moja la viazi,
viazi vya Halinga, vidogo vidogo.

Duka la chumvi liko upande wetu.

Hatukuulizana. Tukikutana mianzini
anajibana kwenye matete, anaamkia punda kwanza.
Kibao bado kimesimama, kimeinama kidogo kwa upepo.
Sikudhani, ambaye sasa yuko darasa la pili,
anakitumia kujifunzia herufi:
U, SI, PI, TE,
anasoma kwa sauti,
akipita.