Foji

Barua ilikuwa na mistari mitatu na muhuri.
Wa kati ulisema: cheti cha kidato cha nne kimefojiwa.
Nikaacha funguo za ofisi mezani, Dodoma mjini,
nikarudi Gulwe na shati nililovaa.

Baba hakuinua macho.
Fuawe lake ni kipande cha reli ya Mjerumani,
chuma chake springi ya Landrova ya misheni,
mivukuto yake ngozi ya mbuzi
aliyechinjwa kabla sijazaliwa.

“Kufojiwa ndiyo nini?”
“Neno la Kiingereza, baba. Ni kughushi.”
“Na huko kwao lilikuwa likifanya kazi gani?”

Hilo nililijua. Usiku wa barua nilifungua kamusi
kutafuta mwanya wa kujitetea.
Maana ya kwanza: tanuri la mhunzi.
Ya pili: kupiga chuma cha moto mpaka kitii.
Uongo umekaa chini kabisa, kama masizi.
Walatini waliita karakana fabrika;
Wafaransa wakalimung’unya neno kama ubuyu
mpaka ikabaki mbegu: foji.

Nyundo ikasimama hewani.
Kisha Mzee Chidong’oi akacheka hadi akakohoa.
“Yaani wamekufukuza kwa uhunzi?
Wewe? Tangu una miaka kumi nakuita hapa,
unasema moshi unakuuma macho!”

Labda neno lilipopanda meli kuja kwetu
liliacha nyundo bandarini,
likashuka na kalamu tu.

Sisi tulikuwa na letu, fua.
Mtera wanafua umeme,
mama alifua mashati yangu ya kazi,
baba anafua jembe la Sechelela wa ng’ambo ya mto,
na mimi sikufua dafu.
(Dafu lenyewe baba hajaliona.)

Sikumwambia habari ya F ya hisabati,
nilivyoifunga matumbo mawili ikawa B,
bila wino kutetemeka.
Mkono mtulivu namna ile
niliurithi kwa nani?

“Jembe lenye ufa,” akasema, kama aliyesikia,
“hulimaliza siku tatu za mvua. Halihitaji barua.”
Halafu: “Vukuta.”

Nikavukuta.
Moshi ukaniuma macho, uleule.
Cheche mbili zikatoboa shati la ofisi
mfukoni, pale inapokaa kalamu.