Makovu Manne

Kwanza ujue, Vojta aliniambia,
malkia hana taji.
Alikuwa anakula mkate wa siagi kwenye ngazi zetu,
umri miaka tisa, meno ya mbele yamepishana,
na mimi, Bohdana, fundi wa miwani,
niliyepima macho ya nusu ya Olomouc,
nikaitikia kama mwanafunzi.

Nilikuwa nimemletea dume.
Nilimkuta dirishani, mweusi, ana mabawa,
nikamfunika kwa glasi, nikapanda ghorofa mbili
huku magoti yakinilaani.
Vojta alitazama mara moja.
"Kichwa kama mbegu ya haradali. Huyu
kesho atakufa."
Akafa kesho yake, saa nne asubuhi,
juu ya leso yangu, bila kumlaumu mtu.

Wa pili nilimtoa kwenye kisiki nyuma ya reli.
Mkubwa! Nikajua nimepata.
"Mfanyakazi," akasema. "Mnene, basi.
Ukubwa si umalkia. Tazama kifua."
Nikavaa lenzi ninayokazia skrubu za fremu:
kifua chembamba, kimebanwa,
mgongo wa punda asiye na shogi.
"Wa kweli kifua chake ni mkoba wa shule uliojaa,
maana humo mna misuli ya kurukia.
Na ubavuni ana makovu manne,
pale mabawa yalipong'oka.
Huyang'oa mwenyewe."
Mwenyewe?
"Ndiyo. Akishashuka hapandi tena."

Julai ikapika lami.
Siku moja, saa nane, ikanyesha
mvua ya haraka, ya mtu aliyesahau ufunguo,
kisha jua, kisha harufu ya mawe yaliyolowa,
na katika kila ufa wa barabara
wakatoka.
Mama mmoja alikung'uta kigari cha mtoto.
Mbayuwayu walishuka kwenye karamu wasiyoalikwa.
Mimi nilikuwa kituoni, tramu inakuja,
nikamwona kwenye ukingo wa jiwe
anakwenda upesi kama anayekimbia deni,
amebakiwa na bawa moja, la kushoto,
analisukuma kwa mguu wa nyuma, analisukuma,
kama mwanamke anayevua koti mlangoni
na kiwiko kimenasa.
Cha mvunguni hakimfuati mtu kitini.
Nikapiga magoti, sketi kwenye dimbwi.
Tramu ikafungua milango, ikangoja, ikafunga.
Bawa likadondoka.
Sikuligusa.

Nilimbeba ndani ya kasha la miwani ya Bwana Zapletal,
ambaye alisubiri miwani yake siku mbili zaidi
na mpaka leo hajui kwa nini.

Mrija wa kioo: maji, pamba, nafasi kidogo,
yeye, pamba tena. Kisha giza:
droo ya tatu, chini ya barua za kodi.
Vojta, kabla ya kwenda kwa bibi yake, aliandika:
"Usimpe chakula, ataila misuli ya mabawa.
Na usichungulie."
Neno la mwisho alilipigia mistari mitatu.

Lakini mimi riziki yangu ni kutazama.
Siku ya pili nikachungulia. Hakuna kitu.
Ya tatu, hakuna. Ya tatu hiyohiyo, usiku, hakuna.
Nikaanza kukishuku kichwa chake, mbona kipana,
maana Vojta alinionya juu ya wale wavamizi
wanaoingia nyumba ya mwenzao, wakamwua mwenyewe,
wakalelewa na yatima wake;
hao peke yao mrijani hawatagi, hufifia tu.
Nikampima kwa rula ya mboni: milimita tisa.
Rula haisemi tabia.
Nikafunga droo, nikaificha funguo kwa hasira
mahali ambapo nilipajua vizuri sana.

Wiki mbili.

Nilipofungua, alikuwa ameshika mdomoni
kitonge cheupe, chumvi ya ncha ya kisu,
akakimbiza mayai yake mbali na mwanga wangu,
akanigeuzia ubavu.
Nikayaona: mawili huku; ya upande wa pili nikaamini tu.
Matundu madogo, safi,
kama ya skrubu, bawaba ikishatoka kwenye fremu.

Mlango wa duka ukalia kengele.
"Mnafungua?" mtu akauliza.
Nikasema, subiri kidogo,
na sikujua nilikuwa ninamwambia nani.